Mikrosekunde tangu lini?

Risiti ya kwanza kutoka kwenye mashine yetu ya mizani pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ilisomeka 14 Machi 1989. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, 14 Machi 2019, saa moja na ushee asubuhi, magunia ya dagaa yamepangwa hadi njiani na wabeba mizigo wanapita na "pisha, pisha" zao. Mama mmoja mchuuzi aliipokea, akaisogeza mbali na macho jinsi wanavyofanya wanaohitaji miwani, kisha akanirudishia.

"Mwanangu, mwaka huu mimi nilikuwa darasa la pili. Hawa dagaa wamevuliwa lini?"

Foleni nzima ikacheka. Nikacheka nao, huku jasho likinitoka mgongoni.

Kilichonichanganya ni kwamba siku ilikuwa sahihi na mwezi ulikuwa sahihi. Ingetoka takataka tupu, ningejua nimekosea kusoma baiti. Lakini mwaka peke yake ulikuwa umerudi nyuma, miaka thelathini kamili bila kupungua hata siku. Nilikaa juu ya gunia la mtu, laptopu mapajani, nikaanza kutafuta kosa kwenye saa ya mashine, halafu kwenye printa, halafu kwenye seva. Sikutafuta kwangu. Ni tabia yetu waandishi wa programu.

Kosa lilikuwa kwangu. PostgreSQL, kanzidata iliyokuwa kwenye seva yetu, inapotuma tarehe kwa mfumo wa bainari, yaani kama namba ghafi badala ya maandishi, inatuma baiti nne tu, yaani idadi ya siku zilizopita tangu 1 Januari 2000. Zangu za asubuhi ile, kwa uandishi wa tarakimu kumi na sita (0 hadi 9, kisha A hadi F), zilikuwa 00 00 1B 64, ambazo ukizigeuza kuwa namba yetu ya kawaida unapata 7,012. Mimi nilizihesabu kuanzia 1 Januari 1970, kwa sababu karibu kila kitu kingine nilichokuwa nimekigusa kwenye kompyuta huanzia hapo. Kati ya mianzo hiyo miwili kuna siku 10,957, yaani miaka 30 na zile siku saba za Februari ndefu. Ndiyo maana siku na mwezi viliangukia palepale.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana mwenye akili timamu angetumia maktaba iliyokwisha kuandikwa na wengine. Tulikuwa watu watatu kwenye chumba cha kupanga juu kule kwenye mawe, ukifungua dirisha unaliona ziwa, ukifunga unabaki na joto la bati. Kazi yetu ilikuwa kuifanya mizani ya kwenye mialo ipeleke uzito na malipo moja kwa moja kwenye kanzidata, badala ya karani kuandika kwenye daftari na kuja kunakili jioni akiwa amechoka. Kila mizani ilikuwa na kakompyuta kenye kumbukumbu ya megabaiti 512 na laini ya simu inayokula kifurushi. Kifurushi kikiisha tarehe ishirini, mwalo umezimika mpaka mwezi ujao. Nikaamua kuandika programu ya mteja mwenyewe, kwa lugha ya C, izungumze na seva ana kwa ana na ipokee data kwa bainari ili tubane matumizi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna aliyenizuia.

Itifaki ya PostgreSQL, yaani kanuni za mazungumzo kati ya seva na mteja, inaruhusu jambo hilo. Toleo lake la tatu, linalotumika tangu PostgreSQL 7.4 ya mwaka 2003, linampa mteja nafasi ya kusema kwa kila safu anataka majibu gani: 0 kwa maandishi, 1 kwa bainari. Nami nikaandika 1 kila mahali, kama mtu aliyepewa menyu akaagiza vyote.

Baadaye sana nilikaa chini nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga mwanzo. Muda wenye ukanda wa saa, ukiuandika kwa maandishi kama 2019-03-14 04:12:00+00, unakula herufi 22. Kwa bainari unakula baiti 8. Hapo nilifaidi. UUID, ile namba ndefu ya kutambulisha rekodi, inashuka kutoka herufi 36 hadi baiti 16. Hapo pia. Lakini sisi tulikuwa watu wa mizani, na uzito tuliutunza kwa aina ya numeric ili desimali zisipotee. Kilo 47.25 kwa maandishi ni baiti tano. Kwa bainari ni hizi hapa:

00 02 00 00 00 00 00 02 00 2F 09 C4

Kumi na mbili. Ubanaji wangu ulikuwa unakula zaidi ya maradufu.

Na hizo baiti kumi na mbili ndizo zilizonitesa kuliko tarehe. Nyaraka rasmi za itifaki zinasema wazi kwamba namba kamili hutumwa baiti kubwa ikitangulia, na kwamba kwa aina nyingine mtu aangalie nyaraka au msimbo chanzo wenyewe. Tena zinaonya kwamba aina tata zinaweza kubadilika kutoka toleo hadi toleo, na kwamba maandishi huhama kwa usalama zaidi. Onyo hilo nililisoma. Nikalipita kama unavyoupita ubao wa "usitupe taka hapa". Nikaenda kwenye faili la numeric.c, kwenye fanksheni ya numeric_send, nikasoma usiku kucha huku taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetanda ziwani, utadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Mambo yako hivi. Namba hukatwa vipande vya tarakimu nne nne, kuanzia kwenye nukta kwenda pande zote mbili. Baiti mbili za kwanza zinataja idadi ya vipande. Mbili zinazofuata zinataja cheo cha kipande cha kwanza: 0 ni cha mamoja, 1 ni cha makumi elfu, na kasoro 1 (-1) ni kile kinachofuata nukta. Halafu baiti mbili za alama, ambapo 0000 ni chanya na 4000 ni hasi. Halafu mbili za kusema desimali ngapi zionyeshwe. Kisha vipande vyenyewe. Kwa hiyo hapo juu tuna vipande viwili, cheo sifuri, chanya, desimali mbili. 002F ni 47, na 09C4 ni 2500. Arobaini na saba, nukta, elfu mbili na mia tano, onyesha mbili: 47.25.

Nikaiandika, nikaijaribu kwa 47.25, ikakubali. Nikaijaribu kwa 1234567, ikatoka 123 na 4567, nikaviunganisha, safi kabisa. Nikalala.

Wiki ya pili karani akapiga simu. Wakala mmoja amelipwa shilingi 1,250,000 kwa sangara, na ripoti inasema shilingi 125. Nilidhani amekosea kuandika. Hakukosea. Milioni moja na robo ina vipande viwili, 125 na 0000, na PostgreSQL haitumi sifuri za mkiani. Inatuma kipande kimoja tu, 125, na kwenye cheo inaandika 1, ikimaanisha "hiki ni cha makumi elfu, kilichobaki jaza sifuri mwenyewe". Programu yangu cheo ilikisoma, ikakitupa. Kwa 1234567 haikuleta madhara yoyote, kwa sababu vipande vyote vilikuwepo. Na nani sokoni analipa shilingi 1,234,567? Watu wanalipana milioni, milioni na nusu, laki nane. Mifano yangu yote ya majaribio ilikuwa ya namba ambazo hakuna mvuvi aliyewahi kuzishika mkononi.

Siku hiyohiyo nikagundua la pili, na hili liliniuma zaidi kwa sababu halikuwa linachekesha. Kilo 47.05 zinakuja kama 47 na 500, maana baada ya nukta kipande ni 0500, na sifuri ya mbele haina maana kwenye namba. Mimi nilibandika "47", nukta, "500", nikakata desimali mbili: 47.50. Gramu 450 za samaki zimezaliwa kwenye printa. Risiti ya shilingi 125 kila mtu anajua ni upuuzi. Kilo 47.50 hakuna anayeishtukia. Ilitubidi turudi nyuma risiti kwa risiti, na kwa bahati seva ilikuwa na namba sahihi, uongo ulikuwa kwenye karatasi tu. Lakini karatasi ndiyo watu walikuwa wanalipana nayo.

Hapo ndipo nilipoamua kuandika hati, ili anayekuja nyuma yangu asipite njia hii. Nikaandika kurasa nne, nikazitoa stesheneri ya mjini, nikazibana pini. Nilijiona mwandishi.

Aliyekuja nyuma yangu alikuwa kijana wa Ukerewe, tuliyemwajiri mwaka wa pili aandike programu ya simu kwa ajili ya makarani. Alipanda meli ya Nansio na kurasa zangu nne kwenye mfuko wa nailoni. Alasiri akapiga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika. Samahani kaka, ukurasa wa pili umeandika 'muda: namba ya biti 64, mikrosekunde'. Mikrosekunde tangu lini?"

Nilinyamaza. Mimi niliyechekwa na foleni nzima ya Mwaloni, mimi niliyeambiwa na mama wa watu kwamba alikuwa darasa la pili, nimeandika hati ya kurasa nne na sikuandika tangu lini. Sikuwa nimeliacha makusudi. Nilikuwa nimelijua kiasi kwamba halikunijia kama jambo la kusemwa.

Na kama kuna watu wasiopaswa kulisahau jambo hili ni sisi tunaosema Kiswahili. Saa yetu inaanzia alfajiri. Tukisema saa moja asubuhi, simu inaonyesha 07:00, na hakuna anayebabaika, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake kaanzia wapi. Mpokee mgeni asiyejua, mwambie meli inaondoka saa tatu asubuhi, utaona anaweka kengele ya saa tisa usiku na kukuta geti limefungwa. Risiti yetu ya kwanza ilikuwa na mwanzo wa tatu juu ya hiyo miwili: seva ilituma muda wa UTC, ule wa kimataifa, saa tatu nyuma yetu, nami nikauchapa ulivyo. Kwa hiyo saa moja na dakika kumi na mbili ya mama yule ilikuwa 07:12 kwenye simu yake na 04:12 kwenye risiti yangu. Saa zote tatu hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kusema ipi inahesabu kutoka wapi. Gunia nalo ni gunia mpaka ukutane na lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo.

Kurasa nne zile nikazitupa. Hati mpya niliiandika kwa kanuni moja niliyomtwika kijana bila kumwomba ruhusa. Ukurasa unapita pale tu yeye, akiwa na penseli na bila kompyuta, atakapoweza kuchukua baiti nilizozinasa kwenye mtandao na kuniambia zinasema nini.

Jaribio la kwanza tulilifanyia kwa mama ntilie karibu na kivuko cha Kamanga, sahani za ugali na sato zimesogezwa pembeni. Nilimwandikia nyuma ya risiti: 00 00 00 04 00 00 1B 64. Nikampa ukurasa wa tarehe. Akasoma, akaanza kuandika, akasimama.

"Nianzie kushoto au kulia?"

Ukurasa ulikuwa haujasema. Nikamwambia aanzie anakotaka. Akaanzia kulia, kama inavyofanya mashine nyingi zenyewe ndani yake, akapata siku 1,679,491,072. Akatoa simu akagawa kwa 365.

"Kaka, hawa dagaa watavuliwa baada ya miaka zaidi ya milioni nne na nusu."

Nikaandika juu kabisa ya ukurasa, kabla ya kitu chochote: baiti ya kushoto ndiyo kubwa. Akarudia. Zile nne za kwanza ni urefu, baiti 4 zinafuata. Zinazofuata ni 7,012. Ukurasa ulisema tangu 1 Januari 2000, akahesabu miaka kwenye karatasi, akaondoa siku za miaka mirefu, akafika 14 Machi 2019. Ugali ulikuwa umepoa, lakini ukurasa ulipita.

Tuliendelea hivyo aina kwa aina, na kila alipokwama ndipo palikuwa na sentensi iliyokosekana. Sikuhitaji kukisia msomaji wangu atasumbuliwa na nini, nilimtazama penseli ilipoganda. Kwenye numeric mfano wa juu sasa ni milioni moja na robo, 00 01 00 01 00 00 00 00 00 7D, na wa pili ni 47.05. Ile 47.25 nzuri isiyo na mtego nimeiweka mwisho, na hata huko sidhani kama inasaidia. Mfano usioweza kumkosesha mtu haumfundishi kitu. Huo ni mtazamo wangu, najua wapo wanaopenda kuanza na rahisi.

Kipindi cha muda, yaani urefu wa muda na si tarehe, kilitupa kazi kidogo. PostgreSQL inakituma kwa baiti 16 zenye sehemu tatu: mikrosekunde, siku, miezi, kila moja peke yake. Kijana aliuliza kwa nini wasijumlishe vyote viwe mikrosekunde. Baba yake ni mvuvi wa dagaa, kwa hiyo nilimuuliza mwezi una siku ngapi. Akacheka, akasema inategemea mwezi wa kalenda au wa juu, ule ambao ukijaa taa zao hazifai kitu na mitumbwi inabaki mwaloni. Basi. Ukishajumlisha miezi kuwa siku umeshaamua jambo ambalo aliyeandika hakuliamua.

Kuna mambo niliyafuta pia. Maelezo marefu ya jinsi programu yangu ya C ilivyopanga kumbukumbu, yote nje. Ilikuwa ni kujionyesha. Kwenye jsonb, aina ya kutunzia data ya JSON, nimeandika mstari mmoja tu: baiti ya kwanza ni namba ya toleo, kwa sasa 01, kinachofuata ni maandishi ya kawaida, ukikuta si 01, acha kusoma, usikisie. Na chini ya ukurasa wa muda nimeweka toleo la seva, kwa sababu zamani PostgreSQL iliweza kujengwa ikituma muda kama namba ya desimali ya sekunde. Chaguo hilo liliondolewa kwenye toleo la 10 la mwaka 2017, lakini seva kuukuu hazifi kirahisi, na baiti nane za namna moja ukizisoma kwa namna nyingine hazikupi hitilafu yoyote. Zinakupa tarehe.

Ukurasa niliodhani hauna shida kabisa ulikuwa ule wa NULL. Safu isiyo na thamani hutumwa kwa urefu wa kasoro 1, yaani FF FF FF FF, na baada yake hakuna kitu. Urefu wa sifuri ni jambo jingine, ni maandishi matupu. Nilikuwa na kovu la hapo: zamani niliusoma urefu kama namba isiyo na hasi, kakompyuta ka megabaiti 512 kakajaribu kutenga gigabaiti nne, kakafa mikononi mwa karani. Kwa hiyo niliandika kwa herufi nene, na mfano, na onyo. Kijana akapita bila kukwama.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tunaandikisha wavuvi wa mwalo mmoja, majina na tarehe za kuzaliwa. Kijana wa mtumbwi mmoja akaja mara tatu. Kila akiandikishwa, simu inasema hana tarehe ya kuzaliwa. Karani anaijaza, inakubali, akifungua tena haipo. Yule kijana wa watu akaanza kusema labda mashine haimpendi. Tukanasa mstari wake kwenye mtandao:

00 00 00 04 FF FF FF FF

Alizaliwa 31 Desemba 1999. Siku moja kabla ya mwanzo wa kuhesabu, kasoro moja. Programu ilikuwa inasoma urefu sawasawa, baiti nne, halafu inasoma thamani, inakuta FF FF FF FF, inakumbuka herufi zangu nene na kuhitimisha kwamba hakuna kitu. Hati yangu ilisema baiti hizo ni NULL. Haikusema ni NULL zikiwa mahali pa urefu tu.

Mwenzangu aliirekebisha programu palepale amesimama, mstari mmoja. Mimi nilitoa ukurasa kwenye mkoba, nikaazima kalamu ya karani, nikauandika mfano ule pembeni, na mvuvi akainama kuangalia ninaandika nini juu ya siku yake ya kuzaliwa.